Land Rover 109 inabanduka rangi na kutoa unga mweupe: nianzie wapi?

*"Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, aliyoitumia tangu akiwa kwenye shamba la mkonge. Ipo nyumbani Tanga, karibu kabisa na bahari, na injini bado inawaka. Nataka kuirudishia rangi yake ya kijani. Tatizo ni bodi. Rangi imefanya malengelenge pembezoni mwa milango na juu ya madigadi, na ukikwangua unatoka unga mweupe kama chokaa. Fundi wa kwanza anasema tuimwagie kostiki soda, rangi yote itoke kwa siku moja, kisha apige puti na kupuliza. Wa pili anataka gari lote likapigwe mchanga. Jirani anasema bodi ni alumini, haishiki kutu, nipige msasa kidogo na kupaka juu. Nimsikilize nani? Na puti inaruhusiwa kiasi gani?"*

Marahaba. Poleni na msiba, na hongera kwa kutowapa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana alumini ina bei na kuna 109 zilizoishia kuwa masufuria.

Nikujibu mapema: fundi wa kostiki mkatalie leo hii. Wa mchanga yuko sahihi kwa chasisi, kwa bodi hapana. Jirani amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoitafuna gari yenu. Kwa hiyo nianze na jirani.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu kabla, na Uingereza chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao. Kampuni ya Rover pale Solihull ikaamua kuivika gari mpya aloi ya alumini na magnesi iliyouzwa kwa jina la Birmabright. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, iliendelea na utaratibu uleule. Ila si gari lote. Madigadi, paa, bodi ya nyuma na ngozi za milango ni alumini. Chasisi ni chuma. Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ni chuma. Fremu iliyojificha ndani ya mlango ni chuma, na vile vipande vya pembeni vya rangi ya kijivu ni chuma kilichochovywa kwenye zinki. Chukua sumaku, zunguka nayo gari, na kila inaponasa weka alama ya chaki. Ukimaliza, linganisha chaki na malengelenge yako. Utakuta yamekaa jirani.

Si bahati mbaya. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati yao kukawa na unyevu wenye chumvi, zinakuwa betri. Umeme mdogo unapita, na metali iliyo dhaifu kati ya hizo mbili ndiyo inayoliwa. Kati ya chuma na alumini, anayeliwa ni alumini. Zinki ni dhaifu kuliko zote mbili, ndiyo maana kiwandani walichovya vile vyuma: zinki iliwe kwanza, wengine wapone. Baada ya miaka zaidi ya arobaini ya upepo wa bahari, zinki hiyo imekwisha sehemu nyingi. Unga mweupe unaouona ndio kutu ya alumini. Unachukua nafasi kubwa kuliko metali uliyotokana nayo, kwa hiyo unainua rangi kutoka chini. Pembeni mwa mlango ndipo ngozi ya alumini ilipokunjwa kuifunika fremu ya chuma, na juu ya digadi ndipo palipofungwa vyuma vya kuishikilia. Rangi imebandukia kwenye maungio kwa sababu maungio ndiyo yenye ugonjwa. Ukipiga msasa na kupaka juu, kama anavyoshauri jirani, gari litapendeza hadi masika yajayo.

Kuna sababu ya pili inayosahaulika pwani, nayo ni chumvi isiyoonekana. Rangi, hata iwe nzuri namna gani, si kioo. Inapitisha mvuke kidogo kidogo. Chini yake kukiwa na chembe za chumvi, chumvi ile inavuta maji kupitia kwenye rangi mpaka yanajikusanya na kusukuma lengelenge. Chumvi hiyo inaweza kutoka kwenye upepo, au kwenye jasho la mkono wa fundi aliyekuwa anapapasa bati kuona kama limenyooka. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla ya msasa, ni maji mengi yasiyo na chumvi na sabuni ya kawaida, gari lote, chini na ndani ya matao ya magurudumu, kisha kusuuza na kusuuza tena. Ukipiga msasa kwanza unaikandamiza chumvi kwenye mikwaruzo. Na baada ya kuosha, anayegusa bati tupu avae glavu.

Sasa kostiki. Mama yeyote anayetengeneza sabuni atakwambia haichanganywi kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu inaitoboa. Kostiki soda inayeyusha alumini yenyewe, na ikiyeyusha inatoa joto na gesi ya haidrojeni, ambayo inalipuka ikikutana na cheche. Chuma inakiacha, ndiyo maana fundi wako huenda ameitumia miaka yote kwenye magari mengine bila tatizo. Kwenye 109 ataona rangi inatoka upesi na atafurahi, huku bati likiwa linakonda. Kinachoingia kwenye mikunjo hakitoki kwa kusuuza, kitaendelea kula ndani baada ya rangi mpya kupakwa. Hapa hakuna mjadala.

Kupiga mchanga ni kazi nzuri mahali pake. Chasisi ikishatenganishwa na bodi, hakuna njia bora ya kuisafisha, mradi ipakwe praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika metali, siku hiyohiyo kabla umande haujashuka. Lakini bati la alumini ni jembamba na laini. Mchanga ukirushwa kwa nguvu ya kompresa unagongagonga uso wa upande mmoja, uso huo unatanuka, na bati linatuna kama tumbo. Digadi ikishatuna hivyo, hakuna nyundo itakayoirudisha. Tena mchanga wenyewe unabaki kwenye mikunjo, na vumbi la mchanga wa kawaida linaharibu mapafu ya anayefanya kazi hiyo. Kama karakana hiyo inatumia mchanga wa ufukweni, hata chasisi usiwape. Watakupaka chumvi.

Je, lazima uvue rangi yote? Hapana, na wengi wanapoteza pesa hapa. Fanya majaribio mawili. La kwanza: kwa wembe, chora mistari sita wima na sita mlalo, ikikaribiana kwa milimita mbili, ifike hadi kwenye bati. Bandika selotepu ngumu, isugue, ivute kwa ghafla. Vipande vikibaki pale, rangi hiyo imeshika na inaweza kuwa msingi wa rangi mpya baada ya kusuguliwa. Vikitoka na tepe, eneo hilo livuliwe. La pili: lowesha kitambaa cheupe kwa thina, weka juu ya rangi dakika mbili, kisha futa. Rangi ikiyeyuka na kuganda kwenye kitambaa, gari liliwahi kupuliziwa duko, rangi ya zamani inayokauka bila dawa ya kugandisha, na ukipuliza rangi ya kisasa yenye hadena, yaani dawa hiyo ya kugandisha, juu yake moja kwa moja itajikunja kama ngozi ya mzee. Hiyo nayo ivuliwe. Rudia majaribio kila paneli, kwa sababu gari la shamba limepita mikononi mwa mafundi wengi na kila digadi ina historia yake.

Kuvua kwenyewe tumia dawa ya kung'oa rangi isiyo na kostiki, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa kwa alumini, ukiwa nje penye upepo. Iache mbali na mikunjo. Ukingo wa sentimita chache malizia kwa msasa. Msasa anza namba 80, nenda 120, maliza 180. Anayekuja na grinda na diski nene mzuie, atachimba mitaro na kulichoma bati. Brashi ya waya wa chuma nayo iwe marufuku kwenye alumini, kwa sababu inaacha chembe za chuma zilizojikita, na kila chembe ni mwanzo wa betri mpya. Pedi za nailoni zinatosha.

Tahadhari mbili kuhusu vumbi. Rangi za miaka ya 1970 mara nyingi zilikuwa na risasi, kwa hiyo rangi ya zamani sugua kwa maji, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani. Jambo la pili hata mafundi wazoefu hawalijui: vumbi laini la alumini likichanganyika na vumbi la kutu ya chuma, halafu cheche ya grinda ikaangukia hapo, mchanganyiko huo unawaka kwa moto mkali ajabu. Ndiyo kemia ileile inayotumika kuunganisha reli. Siku ya alumini iwe ya alumini. Fagia, ondoa, ndipo uguse chuma.

Tukifika kwenye mikunjo ya milango ndipo mfuko wako utakapoamua. Kwa kweli njia ni tatu. Ya gharama ni kununua milango mingine mizima. Ya kati ni kuifungua: unakunjua ukingo wa ngozi taratibu, unaitoa, unatengeneza fremu kwa kukata kilichooza na kuchomelea chuma kipya, unapaka praima ya epoksi fremu yote na upande wa ndani wa ngozi, kisha unairudisha na kukunja upya. Hii ndiyo ningeifanya mimi, ingawa alumini ya zamani imekuwa ngumu na ukunjo unaweza kupasuka. Ya rahisi ni kusafisha ukingo, kuondoa unga mpaka uone metali inayong'aa, kupaka na kuziba. Hiyo ya tatu usiiite matengenezo, ni kununua muda. Lakini kama bajeti ya mwaka huu haitoshi, nunua muda kwenye milango na uweke pesa kwenye ukuta wa mbele na chasisi, kwa sababu mlango ukioza unaning'inia tu, chasisi ikioza inaua.

Mabonde yaliyopo kwenye madigadi usiyapige hovyo. Alumini inatanuka upesi kuliko chuma, na kila pigo la nyundo nzito linaongeza bati mahali pasipohitaji. Mafundi wa zamani wana mbinu ambayo bado inanifurahisha kila nikiiona: sugua sabuni ya mche juu ya bonde, pasha kwa moto wa gesi kwa upole kutoka upande wa pili, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, ondoa moto. Bati limelainika. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo bila sabuni hujui ulipofika, na unashtukia umebaki na tundu. Likipoa, lirudishe kwa nyundo ya mbao au mpira, polepole. Na mengine yaache. Gari ambalo limebeba mkonge na sasa halina hata kovu moja linanipa mashaka.

Puti, basi. Haina ubaya, ubaya ni inapotumika kuficha. Mficha uchi hazai, na mficha kutu kwa puti atarudi gereji. Baada ya kusuguliwa isizidi milimita 3 au hapo. Ikihitaji zaidi, bati halijanyooshwa vya kutosha. Hadena ni karibu gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti. Kwa joto la Tanga fuata kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye kopo na uchanganye kidogo kidogo, kwani itaganda ukiwa bado unatafuta kipangusio. Kuzidisha ili ikauke haraka kunaleta madoa yanayopanda hadi kwenye rangi ya mwisho. Puti inanyonya maji, isisuguliwe kwa maji wala kuachwa usiku nje bila kufunikwa. Na usikubali ijazwe kwenye mistari ya maungio kati ya paneli. Kiwanda kiliiacha mistari hiyo wazi kwa sababu 109 inajinyonga barabarani; puti ya hapo itapasuka safari ya kwanza ya Handeni.

Nakuja kwenye praima, ambako ndiko kazi inakopona au kufa. Alumini ikisuguliwa, ndani ya muda mfupi inajifunika utando wake, na kadiri utando unavyozeeka na kushika unyevu, ndivyo rangi inavyokosa pa kushika. Praima ya kawaida ya chuma, ile ya rangi ya matofali, itabanduka kama ganda. Unachohitaji ni ama praima ya asidi inayojing'atisha kwenye metali, ama praima ya epoksi yenye hadena. Zote zinafaa, lakini haziendani na kila kitu. Juu ya praima ya asidi usiweke puti, kwa sababu asidi inaizuia kuganda vizuri chini. Epoksi nyingi nazo hazitaki kupakwa juu ya asidi, soma karatasi ya mtengenezaji. Kwa gari lako ningechagua epoksi pekee: sugua kwa 180, futa kwa dawa ya kuondoa mafuta kwa kitambaa kimoja na kukausha kwa kingine kabla haijajikausha yenyewe, puliza epoksi siku hiyohiyo. Ikikauka, ikwaruze, weka puti inapohitajika juu yake, sugua, kisha epoksi nyembamba tena. Faida yake ni kwamba puti haigusi metali kabisa, na hiyohiyo epoksi inafaa kwa chuma, kwa hiyo ukuta wa mbele na milango vinapata dawa moja. Baada ya hapo inafuata praima nene ya kusawazisha. Puliza juu yake ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, sugua kwa msasa wa 320 uliofungwa kwenye kibao. Nyeusi inayobaki inakuonyesha mabonde. Maliza kwa 500 au 600.

Miezi ya kazi hii kwenu ni Juni hadi Septemba. Masika usijaribu. Hata kiangazi, usipulize kabla ya saa nne asubuhi, bati bado lina umande usiouona, na ifikapo saa kumi alasiri funga kompresa. Kompresa yenyewe iwe na chujio la maji, na itoe maji ya tangi kila asubuhi.

Rangi ya juu nitaipita haraka kwa sababu hukuniuliza. Kijani halisi kitafute chini ya viti au nyuma ya dashibodi, ambako jua halikufika, upeleke kipande kichanganywe kwa kufananisha. Rangi ya hadena inadumu kuliko duko. Na rangi ya mafuta ya kupaka kwa brashi nzuri si aibu kwenye Land Rover ya shamba, hata kama vijana watacheka.

Wakati wa kurudisha paneli, kila chuma kinapokutana na alumini weka kizuizi: epoksi pande zote mbili, kisha uji wa kutenganisha metali au silanti (gundi ya kuziba) ya poliyurithani. Silikoni ya bafuni isikaribie gereji, rangi haiishiki. Ribiti ziwe za alumini, bolti ziwe za chuma cha pua zenye washa ya nailoni, na shaba usiilete kabisa. Ukishatenganisha hivyo, utashangaa taa haziwaki. Usimlaumu fundi umeme: taa za Series zinarudisha umeme kupitia bodi, na wewe umeikata njia. Vuta waya wa ethi kutoka kila taa hadi kwenye chasisi. Mwisho zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, na hakikisha silanti haijayaziba.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, lazima mtu aje aone. Kunja mikeka, chukua bisibisi, na uchome kwa nguvu kwenye sakafu ya miguu, chini ya nguzo za milango, kwenye mikono ya chasisi inayobeba bodi na lile boriti la nyuma kabisa. Bisibisi ikizama hata mahali pamoja, sitisha mambo ya rangi hadi mchomeleaji mzoefu wa chasisi alikague gari, kwa sababu ukuta wa mbele ukikatwa bila kupimwa na kufungwa, milango haitafunga tena. Kuchomelea alumini mpe mwenye mashine ya gesi ya agoni tu. Na rangi au praima yenye hadena ipulizwe na mwenye barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Barakoa ya vumbi haizuii sumu iliyomo kwenye hadena nyingi, na mtu anaweza kupata pumu ya maisha. Yeyote atakayebanwa kifua au kukohoa usiku baada ya kupuliza aende hospitali, na amwambie daktari alikuwa anapuliza rangi ya gari yenye hadena.

Anza na sumaku, chaki na bisibisi wikendi hii, kabla hujamlipa mtu chochote. Fundi wa kwanza usimfukuze. Muulize tu kama yuko tayari kufanya bila kostiki na kufungua mlango mmoja mbele yako. Akikubali, mpe huo mlango mmoja, uone kazi yake, ndipo mpatane bei ya gari lote.